Kidonge cha Dada Si Chako

Hebu nisikilize kidogo, wewe uliyetumwa dawa. Nnakujua. Umeliacha gari nje na taa zinawaka na kuzimika, umeingia mbio, ukainyoosha simu yako juu ya kaunta. Kwenye simu kuna picha ya kidonge kimoja kimelazwa juu ya kitambaa cha meza, hakina boksi wala jina. "Bibi kasema hichi hichi. Cheupe, kidogo, cha presha." Kisha ukatazama saa.

Miaka yangu yote ya kazi ya dawa, kwanza Matrah, hapa hapa Maskati, halafu Azaiba kwenye duka la barabarani, niliwapokea wajukuu wa namna yako asubuhi na jioni. Sasa nimestaafu, magoti hayataki tena kusimama, lakini swali limenifuata mpaka nyumbani. Nnaulizwa harusini, nnaulizwa msibani, juzi nimeulizwa nikichagua bamia: "Bi Moza, katika dawa za presha, ipi nzuri?"

Nami hujibu kwa kuuliza: nzuri kwa nani? Watu hudhani nawakwepa. Siwakwepi. Kaa nikueleze.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Thomas, mfamasia kutoka Kerala, ambaye alikuwa ameshaota mvi pale Matrah mimi nilipoingia nikiwa msichana. Kiswahili alijifunza kwa wateja wetu, akakizungumza bila kona wala mapambo. "Mama, sema hapana. Onyesha." Maana yake, usinisimulie dawa yako, nitolee niione. Siku zile vidonge vilikuja kwenye makopo makubwa. Tukivihesabu juu ya sinia kwa kisu butu, tukavitia kwenye bahasha ya karatasi, na juu yake tukachora jua au mwezi kwa wasiojua kusoma. Bahasha ikifika nyumbani inalowa, wino unatoka, kinabaki kidonge cheupe. Na vidonge vyeupe vidogo, mwanangu, ni vingi mno duniani.

Alikuja bibi mmoja na chake kakifunga kwenye ncha ya mtandio. Kaapa ni cha presha, na kwamba tangu aanze kukitumia hajambo kabisa, kichwa chepesi, usingizi mwema. Mzee Thomas akakigeuza, akakinusa, akamrudishia kwa heshima zote.

"Mama, hii ya chai."

Kilikuwa kile kidonge cha utamu ambacho wenye kisukari hutia kwenye chai badala ya sukari. Cha mumewe. Bibi hakukubali mpaka alipokiramba mbele yetu. Tulipompima, presha ilikuwa juu vibaya sana, naye yuko pale anacheka.

Nilijifunza mambo mawili siku ile. La kwanza, presha haina maumivu ya kukupa habari. Unaweza kuwa nayo juu na ukajiona mzima, kwa hivyo "najisikia vizuri" si kipimo. Kipimo ni mashine. Na mashine nayo ina adabu zake: kaa kwanza upumzike, mgongo uegemee, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kahawa uwe hukunywa karibuni. Na unyamaze! Hili la kunyamaza ndilo lililokuwa likinishinda kwa bibi zetu. Ukimfunga tu kitambaa cha mkono, ndipo anapokumbuka habari za harusi ya Seeb na nani hakualikwa. Presha inapanda kwa ajili ya watu ambao hata hawapo.

La pili ni lile la kuonyesha. Nitalirudia, maana liliokoa mtu.

Sasa dawa zenyewe. Wewe umezaliwa Maskati, mtu akikutajia jina lake la mwisho unajua ni watu wa wapi. Dawa za presha ni hivyo hivyo, zina koo. Jina la boksi hubadilika kwa kila kampuni, lakini chini yake, kwa maandishi madogo, limo jina la dawa yenyewe, na mwisho wa jina hilo hukwambia ukoo. Wapo kina enalapril na lisinopril. Hawa huzuia kitu mwilini kinachobana mishipa ya damu, na daktari huwapenda hasa kwa mgonjwa mwenye kisukari, kwa kuwa huzitunza figo. Kasoro yao ni kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, kikohozi kisicho na makohozi wala homa, kinachokera usiku na mchana. Mara chache sana midomo au uso huvimba, na hapo ni kukimbilia hospitali. Wapo kina losartan na valsartan, binamu zao, kazi yao inakaribiana na hao wa kwanza, lakini kikohozi kwao ni nadra. Koo hizi mbili hazipewi mwanamke mwenye mimba, wala hazichanganywi kwa mtu mmoja.

Wapo kina amlodipine. Hawa hulegeza mishipa. Wengi huwatumia miaka bila neno, shemeji yangu ni mmoja wao. Wengine huvimba vifundo vya miguu, au uso ukawaka moto siku za mwanzo. Zipo dawa za kutoa maji na chumvi kwa mkojo, ambazo tunawaambia watu wanywe asubuhi, la sivyo watahesabu nyota njiani kwenda chooni. Na wapo kina atenolol na bisoprolol, ambao huutuliza moyo upige polepole. Hawa zamani walitolewa sana kwa presha tu. Siku hizi daktari huwaweka zaidi kwa mwenye maradhi ya moyo, na huko ni dawa za maana kabisa. Ila mwenye pumu anawaogopa, kwa sababu wanaweza kumbana kifua. Na mtu aliyewazoea hawaachi ghafla, moyo hukasirika.

Umeona? Katika hao wote, niambie nani ni mzuri na nani mbaya. Huwezi. Unaweza tu kumtafutia kila mmoja mtu wake. Na mara nyingi mtu mmoja huhitaji wawili, kila mmoja kidogo, na sasa wanatengeneza kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani, jambo ambalo Mzee Thomas angelifurahia.

Ndiyo nikufikishe kwa Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikaa Azaiba, mtaa wa nyuma ya duka letu, na bintiye Nasra. Dada yake mkubwa, Bi Rayya, alikaa Matrah. Walizaliwa Unguja, wakaja huku wasichana, wakaolewa, wakazaa, wakafiwa na waume, na katika yote hayo haikupita Ijumaa bila ya Bi Rayya kuletwa Azaiba baada ya alasiri kunywa kahawa kwa mdogo wake. Wewe unazijua kahawa hizo. Halua, tende, mikate ya kumimina, na ikishaondolewa sahani, mikoba inafunguliwa na dawa zinatolewa. Huyu anaonyesha chake, yule anaonyesha chake. "Hichi nimeletewa Dar." "Hichi kaniandikia daktari wa Qurum, ghali hicho!" Sisi watu wa huku na kule tumezoea kupeana. Anayekwenda Unguja hubeba dawa za nusu ya ukoo, anayerudi hivyo hivyo. Ukimnyima ndugu yako kidonge unaonekana bakhili, kama umemnyima kipande cha halua.

Bi Zuwena alikuwa akitumia enalapril, nayo ikamletea kile kikohozi. Na alikuwa na pumu tangu utotoni. Yaliyotokea Ijumaa moja ya kahawa walinihadithia baadaye wote wawili kwa pamoja, wakikatana maneno.

"Alikohoa mpaka kahawa ikamwagika," alisema Bi Rayya. "Nikamwambia, dawa gani hiyo? Tupa!"

"Hukusema tupa. Ulisema dawa yangu ya kimaskini."

"Nilisema tupa. Nikampa yangu. Mie tangu nianze yangu moyo wangu shwari, silali na wasiwasi. Nikasema dada yangu naye apate raha."

Yake ilikuwa atenolol. Aliandikiwa kwa ajili ya moyo, maana alikuwa na maumivu ya kifua akipanda ngazi. Kwake ilikuwa ndiyo dawa. Akagawa pakiti nusu kwa nusu, kwa mapenzi, na akaongeza sharti: "Usimwambie daktari, atatugombeza."

Mimi sikujua lolote. Nilichokiona ni Bi Zuwena ameingia dukani, kashika ukingo wa kaunta, anatweta.

"Bi Moza, nipe pampu ya pumu."

"Nyengine? Na ile ya juzi?"

"Imekwisha. Vumbi hili, wanachimba barabara."

Barabara kweli ilikuwa inachimbwa. Lakini mimi nilikuwa nimezoea kumsikia akikohoa tokea mlangoni, na siku ile hakukohoa.

"Kikohozi chako kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda zake, alhamdulillahi."

"Daktari kakubadilishia dawa?"

"Aa, ileile."

Nikamletea kiti. Kikohozi cha dawa hakiondoki hivi hivi na dawa bado unainywa. Nikamfunga mashine, nikamwomba asiseme, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza. Hilo nalo lilinitia wasiwasi. Presha haikuwa mbaya. Lakini chini kabisa ya kioo cha mashine ipo tarakimu ya tatu, ambayo watu hawaitazami, nayo ni mapigo ya moyo. Mtu anayetweta, moyo wake hukimbia. Wake ulikuwa unatembea taratibu, kama umekwenda sokoni kuangalia samaki na haununui.

Ndipo nikamkumbuka mwalimu wangu.

"Bi Zuwena," nikamwambia, "usiniambie. Nionyeshe."

Alinitazama, akatazama mlango, akafungua mkoba. Nusu pakiti, na nyuma yake limeandikwa jina la dawa. Nikalisoma: atenolol.

"Hii umeipata wapi?"

"Ya Rayya. Sasa usinipigie kelele, Moza. Na daktari asijue. Tuna safari ya Umra, mie na yeye, tiketi zimeshakatwa. Akisikia kifua changu atanizuia."

"Na pumzi zikikukatika katikati ya kutufu Al-Kaaba, nani atakuzuia?"

Akawa anakunjua na kukunja kile kipande cha pakiti.

"Basi nakiacha leo leo," alisema mwishoni. "Nakitupa hapa hapa, nakwenda zangu nyumbani."

"Huendi nyumbani. Unakwenda hospitali, sasa hivi, na hicho kidonge mkononi ukamwonyeshe daktari. Yeye ndiye atakayesema uache vipi na uanze nini. Na pampu yako hii, shika."

Nikampigia Nasra, akaja na nguo za kazini. Nilimweleza yeye maneno machache tu: mama ana pumu, amekunywa atenolol, kifua kinambana, moyo unakwenda polepole. Nilimfanya ayarudie. Mnapomfikisha mgonjwa, vijana, msianze na kahawa ya Ijumaa. Anzeni na hayo.

Walimbakisha hospitali mpaka kifua kikafunguka. Daktari aliwaambia wazi kwamba wangechelewa, hadithi ingekuwa nyengine.

Kesho yake teksi ikasimama mbele ya duka, akashuka Bi Rayya na buibui lake zuri la kutokea. Hakunisalimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nasikia umesema nimemtilia dada yangu sumu."

"Sikusema hivyo."

"Mie nilimlea yule! Mama alipokufa nilimbeba mgongoni. Leo niambiwe nimetaka kumuua!" Na hapo sauti ikamkatika, nikajua haikuwa hasira aliyokuja nayo.

Nilimkalisha kwenye kiti kilekile. Ukimweleza mtu aliyeumia, mwanangu, usianze na kosa lake. Anza na alichokitaka.

"Ulitaka apone kikohozi, nacho kimepona. Dawa yako nzuri, Bi Rayya. Kwako. Moyo wako unaihitaji, usiiache hata siku moja, na usiipunguze ukampa mtu. Lakini nikuulize. Akikosa la kutafunia, utamwazima meno yako?"

Bi Rayya alikuwa na meno ya bandia, juu na chini, na alijivunia weupe wake. Alinikodolea macho.

"Meno yangu? Yatamtosha wapi, na mdomo ule mkubwa!"

Kisha akaweka kiganja kinywani, akacheka na machozi yanatoka.

Daktari alimwanzishia Bi Zuwena amlodipine. Pumzi nzuri, presha nzuri, lakini baada ya muda vifundo vikajaa, viatu vikagoma kuingia. Bi Rayya akasimama mbele yangu kama mwenye kushinda kesi: "Mliona changu kibaya! Sasa mmempa miguu ya ndovu!" Nikamwambia ndiyo kazi ilivyo, dawa hujaribiwa kwa mtu, ikimkataa inabadilishwa, na anayebadilisha ni daktari, si mkoba wa dada. Bi Zuwena akarudi hospitali, akapewa losartan, akapimwa damu na figo baada ya muda kidogo, na hapo ndipo alipotulia. Hakikohoi kifua, hakivimbi kifundo. Haimaanishi losartan imeishinda amlodipine. Inamaanisha Bi Zuwena amepata yake.

Daktari alipomruhusu safari, walikuja dukani wote wawili. Bi Rayya alikuwa ameshona mifuko miwili kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki vya magauni ya harusi, mmoja kijani wake, mmoja zambarau wa mdogo wake. Ndani mmewekwa maboksi kamili, si vidonge vilivyotolewa maboksini. Nasra naye nilimwomba apige picha ya kila boksi, upande wenye jina la dawa na nguvu yake, aitie kwenye simu ya kila mmoja. Bi Rayya alinung'unika kwamba simu yake ni ya picha za wajukuu.

Wakasafiri. Siku moja baada ya adhuhuri simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka Makka, na nyuma yake kelele za watu na mtu anagombana.

"Moza, salamu nyingi," ilikuwa sauti ya Bi Zuwena, pumzi safi, haina mluzi. "Tumeshamaliza Umra, tumekuombea dua. Sasa skiza vituko. Rayya kausahau mfuko wake Madina hotelini. Kaniambia ati nimpe changu mpaka tutakaporudi, vidonge vyote vya presha ni ndugu. Nimemwambia, Rayya, nikuazime meno?"

Nyuma yake nikasikia: "Futa hayo! Usimwambie Moza!"

"Nimeshamwambia. Basi nikamfungulia picha ya Nasra kwenye simu yake, tukaenda duka la dawa hapa chini. Yule kijana kaitazama tu, akajua. Akatupeleka kwa daktari wa pembeni, akaandikiwa, kapata ileile na nguvu ileile, na leo leo kainywa. Haya, kwaheri, ananivuta mkono."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi, zaidi kwa ajili ya ile pumzi yake.

Kwa hivyo wewe uliyetumwa, usiende bado. Leo ukifika nyumbani, mwombe bibi akutolee maboksi yake ya dawa, kila mtu mwenye dawa naye yake, mbali mbali. Piga picha upande ule wenye jina la dawa na nguvu yake, andika chini ni ya nani, na umtumie mwenyewe kwenye simu yake. Na ukija tena kwenye kaunta, usitusimulie. Onyesha.